Pua Kwanza, Kisha Macho: Kutunza Negativu za Zamani

Mabibi na mabwana, ndugu zetu wa maktaba na makumbusho, nanyi mliokuja na maboksi ya familia mikononi, karibuni.

Tuanze na pua. Mtu akifungua boksi la negativu za zamani, yaani filamu au vioo ambamo picha za karatasi zilitolewa, mkono humtangulia: ananyanyua moja, anaielekeza dirishani, anatafuta sura anazozijua. Tunawaomba mngoje kidogo. Inueni kifuniko, msiingize uso ndani, acheni hewa itoke yenyewe. Harufu ya siki ina maana yake. Harufu kali inayochoma pua ina maana nyingine, nzito zaidi. Kukosekana kwa harufu ni habari njema, ingawa si hakikisho.

Negativu haijalala tu humo ndani ya boksi, inabadilika. Picha yenyewe ni chembe ndogo sana za fedha zilizoshikwa na jelatini, na utando huo umepakwa juu ya kioo au juu ya plastiki. Fedha hustahimili mengi, na mara nyingi kinachooza ni kile kilichoibeba. Kwa hiyo anayetuuliza "nihifadhije?" nasi tunamuuliza kwanza: umeshika kioo, au plastiki ya naitreti, ya asetati au ya poliesta? Vitu hivi vinne havitunzwi kwa namna moja. Dawa ya kimoja inaweza kumuua mwenzake.

Filamu ya selulosi naitreti iliingia sokoni mwaka 1889 kupitia kampuni ya Eastman, iliyokuja kuitwa Kodak, nayo iliendelea kuitengeneza kwa matumizi mbalimbali hadi 1951. Kuanzia miaka ya 1920 ikaenea filamu ya asetati, iliyopewa jina la "salama" kwa kuwa haishiki moto kirahisi. Poliesta ikaja kuanzia miaka ya 1950. Maana yake ni kwamba boksi la miaka ya 1930 au 1940 laweza kuwa na naitreti na asetati zimebanana bega kwa bega. Huo ndio mchanganyiko unaotutia hofu kuliko yote, maana gesi ya naitreti inayooza hushambulia kila kilicho jirani: filamu, karatasi, hata chuma cha kabati.

Kuzitambua hakuhitaji maabara. Tazameni ukingo wa filamu kwa kioo cha kukuzia, mtafute neno NITRATE au SAFETY. Angalizo moja: filamu iliyonakiliwa kutoka kwenye filamu nyingine huweza kubeba maandishi ya ile ya kwanza, yakiwa sehemu ya picha yenyewe. Filamu za vipande, yaani zile ambazo si za mkanda, zina vikato vidogo kwenye ukingo karibu na pembe, vilivyowekwa ili mpiga picha avisome kwa kidole gizani. Kwa filamu za Kodak za kabla ya 1949, kikato cha kwanza kutoka pembeni kikiwa na umbo la V, hiyo ni naitreti. Kikiwa na umbo la U, ni asetati. Funga macho upitishe ncha ya kidole hapo, na utahisi tofauti bila shida.

Poliesta ina jaribio zuri zaidi. Chukua miwani miwili ya jua ya aina inayokata mng'ao, weka negativu katikati, tazama kuelekea kwenye mwanga huku ukizungusha miwani mmoja. Poliesta huonyesha rangi za upinde wa mvua, kama mafuta juu ya maji. Naitreti na asetati hazionyeshi. Poliesta ni imara mno, na leo hatutaizungumzia tena.

Kuna jaribio la kukata kipande na kukichoma moto. Msilifanye, hata kwa kipande kidogo kama punje ya mchele. Naitreti ina oksijeni ndani ya kemia yake. Ikishawaka haizimwi kwa kufunikwa, huendelea kuwaka hata chini ya maji, na moshi wake ni sumu. Tarehe 15 Mei 1929, filamu za eksirei za naitreti zilishika moto katika kliniki ya Cleveland, Marekani, na watu zaidi ya 120 wakafariki, wengi wao kwa kuvuta gesi. Na filamu za eksirei ni negativu kama hizi zetu.

Uozo wa naitreti unapanda ngazi, na ngazi hizo zinaonekana kwa macho. Kwanza filamu huwa ya manjano, na kingo za picha huanza kung'aa kibuluubuluu kama kioo cha kujitazamia. Kisha hunata mkononi na kutoa ile harufu inayochoma. Halafu hugeuka rangi ya asali iliyokolea na picha kufifia. Baadaye hulainika na kugandamana na jirani zake, na mwisho hubaki unga wa kahawia wenye asidi. Mpaka kufikia hatua ya kunata, negativu nyingi bado zinasomeka na zinaweza kunakiliwa. Kwa hiyo mkikuta filamu imeanza kunata, kazi ya kuipiga picha ifanyike wiki hii, isisubiri bajeti ya mwakani.

Naitreti isifungiwe kwenye kopo la bati wala mfuko wa plastiki katika joto la kawaida la chumba. Gesi ikikosa pa kutokea hurudi kwenye filamu, uozo unazaa joto, joto linazaa uozo. Filamu nyingi zilizooza sana, zikiwa zimerundikwa mahali penye joto la nyuzi 40 hivi kwa muda mrefu, zinaweza kuwaka zenyewe. Itengeni na kila kitu, iwe na hewa, mbali na jua, taa na bomba la maji ya moto. Iliyofika hatua ya unga isitupwe kwenye pipa la taka. Wapigieni zimamoto au mamlaka ya taka hatarishi, semeni wazi kwamba ni filamu ya naitreti na ni kiasi gani. Wenye mamia ya negativu hizo wazungumze na zimamoto hata kabla hazijaharibika.

Asetati haitachoma nyumba, ila ina ugonjwa wake. Ikianza kuoza hutoa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo siki yenyewe. Asidi hiyo ikibaki ndani ya bahasha huchochea uozo uleule ulioizaa. Ndiyo sababu boksi linaweza kukaa miongo kadhaa bila dalili, kisha likaharibika lote ndani ya miaka michache. Kwa makadirio ya kitaalamu, asetati mpya ikikaa katika nyuzi 21 za Selsiasi na unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 50, ugonjwa huanza baada ya miaka 40 hadi 50 hivi. Sasa hesabuni: filamu ya 1960 iliyokaa kwenye chumba chenye joto kuliko hilo imeshapitisha muda wake.

Pua hunusa asidi, lakini haipimi. Taasisi ya Image Permanence Institute ya Rochester, Marekani, ilibuni vipande vya karatasi vinavyobadilika rangi kutoka buluu, kupitia kijani, hadi manjano kadiri asidi inavyozidi. Weka kipande kimoja ndani ya boksi lililofungwa kwa saa 24 katika joto la kawaida, kisha kilinganishe na rangi za kwenye penseli inayokuja navyo. Namba 0 maana yake filamu ni nzima. Namba 1.5 ni mlango wa hatari: hapo uozo unaanza kujiendesha wenyewe. Namba 2 na 3, nakili mara moja na uweke kwenye baridi. Vipande hivi huwasaidia wenye mkusanyiko mkubwa kujua waanze na boksi lipi, na kwa maoni yetu hakuna pesa inayotumika vizuri zaidi ya hiyo.

Kuna hali moja ya asetati inayowafanya watu watupe negativu bila sababu. Plastiki ya chini husinyaa, lakini utando wa jelatini wenye picha hausinyai kwa kiasi hicho. Basi utando unakosa nafasi, unajikunja na kuinuka kama matuta ya shambani, na filamu nzima inaonekana kama ngozi ya mzee. Msiinyooshe, msiipige pasi, msiibane chini ya vitabu. Picha bado iko kamili ndani ya matuta yale. Fundi wa uhifadhi anaweza kuutenganisha utando na plastiki iliyosinyaa kwa vimiminika maalumu, kisha akauskani, yaani kuutolea nakala ya kompyuta, ukiwa umelala bapa. Kazi hiyo ni ghali na ya hatari, inafaa kwa picha chache zenye thamani kubwa, lakini iliyotupwa haiwezi kufanyiwa hata hiyo.

Tuje kwenye bahasha, maana hapo ndipo uharibifu mwingi uliletwa na watu wenye nia njema. Bahasha za zamani za kaki zina mshono wa gundi unaopita katikati. Gundi hufyonza unyevu hewani, na baada ya miaka mshono unajichora kwenye picha: mstari wa manjano unaopita juu hadi chini, katikati kabisa ya uso wa bibi harusi. Zile karatasi laini zinazoonyesha upande wa pili nazo hunata kwenye jelatini zikipata unyevu. Plastiki ya PVC, ile laini yenye harufu ya viatu vipya, hutoa gesi yenye klorini. Raba za kufungia zina salfa, na salfa hula fedha. Vibanio hupata kutu. Kalamu ya wino hupenya.

Nunueni karatasi iliyofaulu jaribio la picha la kiwango cha kimataifa cha ISO 18916. Maneno "haina asidi" kwenye pakiti hayatoshi, kwani rangi au gundi iliyomo yaweza kudhuru fedha hata kama asidi haimo. Katika jaribio hilo karatasi hubanwa na sampuli za utando wa picha kwa siku 15 katika nyuzi 70 na unyevu wa asilimia 86, kisha huangaliwa kama imefifisha au imetia madoa. Kwa naitreti na asetati tumieni karatasi na si plastiki, kwa sababu karatasi inapumua, na iliyotiwa chokaa kidogo ndiyo bora kwa kuwa inapunguza makali ya asidi. Mshono uwe pembeni, na upande wa utando, ule usiong'aa, uangalie mbali na mshono. Andikeni kwa penseli, bahasha ikiwa tupu. Ukiandika negativu ikiwa ndani, kila herufi inabonyea kwenye jelatini. Na kabla hamjaitupa bahasha ya zamani, ipigeni picha mbele na nyuma: jina na tarehe zilizoandikwa pale mara nyingi ndizo ushahidi pekee uliobaki.

Vioo vinastahili kusemewa kwa kirefu. Kioo hakiozi kama plastiki, lakini utando unaweza kubanduka, na kioo kikidondoka ndiyo basi. Kipande cha sentimita 13 kwa 18 kina uzito wa gramu 85 hivi. Cha sentimita 20 kwa 25, chenye unene wa milimita 2, hufika gramu 250, kwa hiyo 40 ni kilo 10. Vikilazwa kimoja juu ya kingine, cha chini hubeba mzigo wote na hupasuka bila mtu kukigusa. Visimamisheni kwa ukingo mrefu, kila kimoja ndani ya karatasi yake, na kila baada ya vioo 5 au 6 wekeni kadibodi ngumu iliyosimama. Chini ya boksi wekeni kadibodi yenye mawimbi ili isharabu mtikisiko. Nafasi ikibaki, ijazeni kwa kadibodi, kwa sababu vioo vyenye mahali pa kuinama huinama, na vikiinama hugongana. Boksi liwe la kuinuliwa na mtu mmoja bila kukaza mgongo, na liandikwe VIOO kwa pande zote.

Karatasi ya kufungia kioo isiwe bahasha ya kuchomeka. Kioo kikichomekwa, utando uliolegea hukwanguliwa na mdomo wa bahasha. Iwe karatasi ya mikunjo minne. Kwa kioo cha sentimita 13 kwa 18 kata karatasi yenye umbo la msalaba: kitovu chake kiwe sentimita 13.3 kwa 18.3, na kila upande utoke ulimi unaotosha kufunika karibu kioo chote. Laza karatasi mezani, weka kioo kitovuni, na kama utando unabanduka uangalie juu. Funika ulimi wa chini, wa juu, wa kushoto, wa kulia. Kukitoa, unafungua ndimi tu, kioo hakiburutwi hata milimita moja.

Kishikeni kioo kwa kingo, mikono miwili, juu ya meza iliyotandikwa kitu laini. Vaeni glavu za nitrili, yaani za mpira mwembamba, kwani za pamba huteleza na nyuzi zake hunasa kwenye utando uliopasuka. Vumbi liondolewe kwa pampu ndogo ya mkono au brashi laini. Upande mtupu wa kioo unaweza kupanguswa kwa pamba iliyotiwa unyevu kidogo sana, lakini upande wa utando haupanguswi kamwe. Vioo vya kolodioni, ambavyo utando wake ni wa kimiminika cha kunata badala ya jelatini, vya teknolojia iliyoanza 1851, mara nyingi vimepakwa vanishi inayoyeyuka kwenye spiriti, hivyo spiriti ikae mbali kabisa na meza. Kingo zinazong'aa kama fedha msizisugue: ni fedha ya picha yenyewe imesafiri hadi juu.

Kioo kilichopasuka hakigundishwi wala hakibandikwi selotepu. Kila kipande kiwe na kizuizi chake ndani ya trei bapa, vipande visigusane, kwa sababu kingo zikisagana hupoteza punje za picha ambazo hazitarudi. Okoteni hata vipande vidogo kabisa. Hivi ndivyo pekee vinavyolazwa.

Sasa baridi. Mwaka 2013 zilionyeshwa negativu 22 za naitreti zilizokutwa zimegandamana kama tofali ndani ya kiboksi, katika kibanda cha Kapteni Scott, mpelelezi Mwingereza wa ncha ya kusini, huko Cape Evans, Antaktika. Zilikuwa za kundi lililoitwa Ross Sea, la msafara wa mpelelezi mwingine, Shackleton, wa 1914 hadi 1917. Zilikaa pale karibu miaka 100 bila mtunzaji, baridi ikaziweka hai, unyevu ukazigandisha. Fundi wa Nyuzilandi alizitenganisha moja moja, na picha zikatoka. Mafunzo yote mawili yamo humo: baridi inaokoa, ila unyevu lazima ufungiwe nje.

Kwa asetati na naitreti, kila mkipunguza nyuzi 5 hivi, umri wa filamu unakaribia kuongezeka mara mbili. Friza ya kawaida isiyojenga barafu, yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, inafanya kazi kubwa kwa gharama ndogo. Kufunga ndiko kwenye ufundi. Wekeni negativu, zikiwa ndani ya bahasha za karatasi na boksi lake, kwenye chumba kikavu chenye unyevu wa asilimia 35 hadi 50 kwa siku kadhaa, ili karatasi isiingie frizani na maji yake. Kisha tieni boksi ndani ya mfuko mzito wa polithini wenye zipu, wa unene wa mikroni 100. Kamueni hewa, fungeni. Tieni huo ndani ya mfuko wa pili, na kati ya mifuko miwili wekeni kadi ya kupima unyevu inayosomeka kwa nje. Kadi ikionyesha asilimia 60 au zaidi, mfuko unavuja, fungasheni upya. Msitumie vifuko vya kufyonza unyevu vikiwa vikavu kabisa, maana hukausha jelatini mpaka ikakakamaa. Friza hiyo isiwe na chakula.

Kosa linaloua negativu frizani hutokea siku ya kuzitoa. Mtu anafungua mfuko papo hapo, hewa ya chumba inagusa filamu ya baridi, matone yanajikusanya juu ya jelatini. Toeni boksi likiwa limefungwa hivyohivyo, liwekeni mezani kwa saa 24. Maji yatajikusanya nje ya mfuko, yafuteni. Fungueni baada ya hapo. Umeme ukikatika, msifungue mlango wa friza kwenda kutazama. Mifuko yenu iliyofungwa vizuri ndiyo kinga.

Vioo visitiwe frizani. Kioo na jelatini havisinyai kwa kiwango kimoja, na utando unaweza kujibandua. Nyuzi 18 juu ya sifuri na unyevu wa asilimia 30 hadi 40 vinavitosha.

Wasio na friza wachague chumba. Chumba cha ndani, kisichopakana na ukuta unaopigwa na jua, si darini wala si chini ya ardhi, na rafu ya katikati badala ya ile ya juu kunakokusanyika joto. Unyevu ukipita asilimia 65 kuvu huota na kula jelatini, na utando ulioliwa na kuvu huyeyuka ukiguswa na maji, hivyo negativu yenye kuvu hutengwa na kukaushwa bila kufutwa. Kabati liwe la chuma kilichopakwa rangi ya kuokwa, si mbao. Chumba kilichopakwa rangi karibuni kisiwekwe picha kwa wiki 4 angalau, maana mvuke wa rangi hula fedha.

Kuhusu kuskani, neno fupi: laza negativu juu ya taa bapa isiyotoa joto, piga kwa kamera kutoka juu, utando uangalie kamera, bila kuibana iliyojikunja. Na nakala ikishapatikana, ya asili ibaki pale pale kwenye hifadhi yake.

Pale mezani mbele kuna trei tatu. Ya kwanza ina vipande vya asetati yenye matuta, mnaweza kuvishika na kunusa. Ya pili ina vioo vitupu na karatasi zilizokatwa msalaba, mjaribu kukunja. Ya tatu ni naitreti ya hatua ya manjano, hiyo ni ya kutazama tu. Glavu ziko kwenye boksi la buluu. Wenye maboksi yao wasiyafungue ndani ya ukumbi, tutatoka nayo nje, penye hewa, tuyanuse pamoja.